Dua za Kabla na Baada ya Kula: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kunawa Hadi Kumuaga Mwenyeji

Dua za chakula ni fupi. Ya kwanza ni neno moja tu, na iliyo ndefu kuliko zote haifiki mistari mitatu. Kinachotatiza wengi si kuzihifadhi bali kujua mahali pa kila moja: ipi husomwa mkono ukiwa bado mtupu, ipi sinia likishaondolewa, ipi ni ya mlaji mwenyewe na ipi ni ya mgeni kumwombea mwenyeji. Ndiyo maana utamsikia mtu akisoma dua ya kufuturu kabla hajaonja hata tende, au akisoma ombi refu la baraka huku Bismillahi yenyewe ameiacha.

Kama una nafasi ya kujifunza tatu tu, anza na hizi: Bismillahi ya kuanzia, ile ya aliyesahau, na moja ya kumshukuru Mwenyezi Mungu ukimaliza. Nyingine zote utaziongeza polepole.

Neno kuhusu matamshi. Irabu iliyoandikwa mara mbili (aa, ii, uu) huvutwa. Alama hii ' ni 'ayn, sauti ya kooni ambayo Kiswahili hakina. Tw, sw na dhw ni herufi nzito za Kiarabu, na q hutoka nyuma zaidi ya k. Herufi za kilatini hazibebi kila kitu, kwa hiyo mpe mwalimu wa chuo cha Qur'ani akusikilize japo mara moja.

Kabla ya kufunua kawa

Nawa mikono. Penye birika na beseni, anayemiminia maji huanza na wageni na wazee. Udhu si sharti la kula wala la kusoma dua hizi. Mwenye hedhi na mwenye janaba pia wanazisoma bila tatizo, kwa kuwa ni dhikri. Hili husemwa kwa sababu wapo wanawake wanaonyamaza kimya mezani siku zao, wakidhani hata Bismillahi imewazuilika.

Kaa vizuri. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba yeye hali akiwa ameegemea, hadithi iliyopokewa na Bukhari (yeye, Muslim, Abu Daud na Tirmidhi, watakaotajwa humu, ni wakusanyaji wa hadithi).

Bismillahi

*Bismillaah.*
Kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Msingi wake ni maneno ambayo Mtume (s.a.w.) alimwambia mtoto. Umar bin Abi Salama alilelewa nyumbani kwake, mama yake akiwa Umm Salama, mke wa Mtume, na mwenyewe anasimulia kwamba mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huko kwenye sahani. Akaambiwa: ewe kijana, taja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Mambo matatu kwa pumzi moja, na yeyote aliyekula sinia moja na watoto anaijua ile hali: mkono mdogo unavuka upande wa shangazi, unaruka wali wote, unakwenda moja kwa moja kwenye kiazi kilicho katikati.

Je, useme Bismillahi peke yake au uitimize, *Bismillaahi rrahmaani rrahiim*? Imam Nawawi, ambaye kauli zake zina uzito mkubwa kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, na kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya pwani yetu, ameona kuitimiza ni bora, na kusema Bismillahi tu kunatosha. Ibn Hajar al-Asqalani akasema hakuona dalili mahususi ya huo ubora. Kwa ufupi, zote mbili zinafaa, na haifai mtu kumkatiza mwenzake tonge likiwa njiani ili amsahihishe.

Isemwe lini? Mkono ukielekea kwenye chakula, kabla ya tonge la kwanza kuingia mdomoni. Si wakati sinia linaletwa, maana hapo kuna dakika tano za kusogeana, kuitana na kutafuta chumvi, na anayeisema mapema mno mara nyingi huanza kula akiwa ameshasahau kama aliisema.

Isemwe kwa sauti ya kusikika na walio karibu, ili aliyesahau akumbuke. Mkiwa kundi, kwa Mashafii akisema mmoja inawatosha wote, ingawa bora kila mtu aseme yake. Anayefika sinia likiwa limeshaanza kuliwa aseme ya kwake. Katika Muslim, Hudhayfa anaeleza kwamba walikuwa hawatii mkono kwenye chakula mpaka Mtume (s.a.w.) aanze. Siku moja akaja msichana mbio kama anayesukumwa, akataka kutia mkono, Mtume akamshika. Akaja bedui naye vilevile, akamshika. Kisha akaeleza kuwa shetani hujihalalishia chakula kisichotajiwa jina la Mwenyezi Mungu, na ndiye aliyewaleta wale wawili.

Kwetu neno lenyewe limekuwa pia la kukaribisha: "Haya, bismillahi jamani!" Mwenyeji akishasema hivyo huwa anaita watu, na mara nyingi akili yake iko kwenye kuhesabu vijiko. Akianza kula na aseme tena kwa ajili yake mwenyewe.

Ukila nyama uliyoletewa na Waislamu na hujui kama waliichinja kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu, jibu lipo katika hadithi ya Aisha (r.a.) iliyo kwa Bukhari. Watu waliuliza swali hilohilo kuhusu jamaa waliokuwa wageni katika Uislamu, wakaambiwa: tajeni nyinyi jina la Mwenyezi Mungu, mle. Kumhoji mwenye nyumba kuhusu bucha lake, sahani ikiwa mbele yako, hakuna aliyekutaka ufanye hivyo.

Lile ombi la baraka

Watoto wengi chuoni hufundishwa hii kuwa ndiyo dua ya kula:

*Allaahumma baarik lanaa fiimaa razaqtanaa wa qinaa 'adhaaba nnaar.*
Ewe Mwenyezi Mungu, tubarikie katika ulichoturuzuku, na utukinge na adhabu ya moto.

Maana yake ni nzuri na hakuna ubaya kuiomba. Lakini wataalamu wa hadithi wanaiona isnadi yake, yaani msururu wa wapokezi wake, kuwa dhaifu, kwa hiyo isipewe cheo cha Bismillahi. Kosa hutokea hapa hasa: mtu anaisoma yote kwa ufasaha, anafika "nnaar", anachota wali. Bismillahi, ambayo ndiyo iliyoamrishwa, haikutajwa. Ukiipenda dua hii, isome chakula kikiwa mbele yako, kisha ifunge kwa Bismillahi.

Yenye nguvu zaidi ni ile ya Ibn Abbas iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi:

*Allaahumma baarik lanaa fiihi wa atw'imnaa khayran minhu.*
Ewe Mwenyezi Mungu, tubarikie katika chakula hiki na utulishe kilicho bora kuliko hiki.

Kwa maziwa mwisho hubadilika:

*Allaahumma baarik lanaa fiihi wa zidnaa minhu.*
Ewe Mwenyezi Mungu, tubarikie katika haya na utuzidishie.

Sababu ya tofauti imetajwa katika hadithi yenyewe: hakuna kitu kinachotosha kuwa chakula na kinywaji kwa pamoja isipokuwa maziwa. Ndiyo maana huombi kilicho bora kuliko maziwa, unaomba mengine kama hayo. Maziwa mabichi, ya kuchemsha, mgando, yote ni maziwa. Chai ya maziwa ina maji na majani na sukari. Soma utakayo, mradi chai isipoe kwa ubishi.

Umesahau, umekumbuka katikati

Hii ndiyo dua inayotumika kuliko watu wanavyodhani:

*Bismillaahi awwalahu wa aakhirahu.*
Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwanzo wake na mwisho wake.

Imetoka kwa Aisha (r.a.), na Abu Daud ameipokea kwa tamko hilo. Kwa Tirmidhi imekuja *Bismillaahi fii awwalihi wa aakhirihi*. Zote ni sahihi kusemwa. Kisichokuwa sahihi ni kuzichanganya: "fii awwalahu". Ukiweka *fii*, mwisho uwe *-lihi* na *-rihi*. Ukiiondoa, uwe *-lahu* na *-rahu*. Kosa hili lipo hata kwenye baadhi ya mabango ya kutundika jikoni, kwa hiyo angalia lako.

Huna haja ya kutema kilicho mdomoni. Meza, sema, endelea. Ukikumbuka baada ya kumaliza kabisa na mikono umeshanawa, wanavyuoni wamehitilafiana kama bado ina nafasi. Kwa vyovyote shukrani za mwisho hazijakupita, zisome.

Chakula kikiendelea

Mambo machache hapa yanahusiana na dua moja kwa moja, kwa sababu ni baraka hiyohiyo uliyoiomba. Katika hadithi ya Ibn Abbas, baraka hushuka katikati ya chakula, basi mle kutoka pembeni na msile kutoka katikati yake. Kwenye sinia la watu wanne au watano maana yake ni kwamba kila mtu ana pembe yake, anakula kuelekea ndani, na kilima cha katikati kinapungua chenyewe. Anayechimba katikati mapema huangusha nyama zote upande wake, kwa makusudi au bila makusudi.

Kwenye vitu vya aina mbalimbali mambo ni mepesi zaidi. Anas alimwona Mtume (s.a.w.) akifuatafuata vipande vya boga pembezoni mwa sahani, na baadhi ya wanavyuoni wameifahamu hivyo: kikiwa cha aina moja, kaa mbele yako, vikiwa vingi na wenzako hawaudhiki, unaweza kuchagua.

Tonge likianguka, liokote, ondoa uchafu, ule. Maji unywe kwa pumzi tatu, ukiondoa gilasi mdomoni unapopumua, na Bismillahi mwanzo, Alhamdulillahi mwisho. Chakula kisipokupendeza kiache bila maneno, Mtume (s.a.w.) hakuwahi kukitia dosari chakula, alikula akikipenda na akakiacha asipokipenda.

Ukimaliza

Fuata mpangilio huu. Safisha kilichobaki mbele yako na ulambe vidole kabla ya kufuta au kunawa. Subiri wenzako. Kisha, sinia likiondolewa, sifu.

Hiyo subira ina sababu. Mtu mzito wa heshima akisema "Alhamdulillahi" kwa sauti na kurudi nyuma, wadogo huona haya kuendelea. Ni kama amewafukuza siniani. Ukishiba mapema, sema kimoyomoyo au kwa sauti ndogo, na uendelee kuchezea punje mbilitatu hadi wengine watosheke.

Dua za kuchagua ni tatu. Iliyo na isnadi imara kuliko zote ni ya Abu Umama, kwa Bukhari, aliyosema Mtume (s.a.w.) alikuwa akiisoma meza yake ikiinuliwa:

*Alhamdu lillaahi hamdan kathiiran twayyiban mubaarakan fiihi, ghayra makfiyyin wa laa muwadda'in wa laa mustaghnan 'anhu, Rabbanaa.*
Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, sifa nyingi, nzuri, zenye baraka, zisizotoshelezwa, zisizoagwa wala zisizoepukika, ewe Mola wetu.

Ya pili ni ya Muadh bin Anas, kwa Abu Daud na Tirmidhi, na ndiyo iliyoahidiwa kwamba anayeisema husamehewa madhambi yake yaliyotangulia:

*Alhamdu lillaahi lladhii atw'amanii haadhaa wa razaqaniihi min ghayri hawlin minnii wa laa quwwah.*
Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyenilisha hiki na kuniruzuku bila ya uwezo wala nguvu kutoka kwangu.

Ya tatu ndiyo inayojulikana zaidi:

*Alhamdu lillaahi lladhii atw'amanaa wa saqaanaa wa ja'alanaa muslimiin.*
Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetulisha, akatunywesha, na akatujaalia kuwa Waislamu.

Hii imo kwa Abu Daud na Tirmidhi, na isnadi yake ina maneno, wapo walioidhoofisha. Ni sifa sahihi kwa maana yake, na watu hawakatazwi kuisema. Lakini aliyeijua hii tangu utotoni afanye bidii aongeze ya Muadh, maana ni fupi karibu sawa na hiyo.

Angalia nafsi ndani ya maneno. *Atw'amanii* ni "amenilisha", *atw'amanaa* ni "ametulisha". Ukila peke yako ofisini au ukiwaongoza watu kumi, kila moja ina mahali pake, japo hakuna dhambi kwa aliyechanganya. Matamshi yanayoharibika sana ni mawili. La kwanza ni 'ayn ya *atw'amanaa*: watu husema "atamana", herufi mbili zimeyeyuka kwa pamoja. La pili ni h ya *alhamdu*. Ni h nzito itokayo kati ya koo, kama unapumua kwenye kioo ili ukifute. Ukiitamka kwa h nyepesi unaingia kwenye mzizi mwingine wa Kiarabu, wenye maana ya kuzimika na kutulia.

Usipoijua hata moja kati ya hizi, *Alhamdulillaah* inatosha. Katika Muslim, Anas anapokea kwamba Mwenyezi Mungu humridhia mja anayekula mlo akamsifu, au anayekunywa kinywaji akamsifu.

Kuinua mikono na kupangusa uso hakuhitajiki hapa. Hizi ni sifa, hazina ombi ndani yake. Kwenye hitima na harusi shehe huinua mikono na kuomba kwa ajili ya wenye shughuli; hilo ni jambo lake tofauti, na likifanywa basi liwe fupi. Samli ya pilau ikiganda kwenye vidole, hata anayeitikia aamiin anamtazama mwenye birika.

Mgeni kwa mwenyeji

Shukrani za chakula hazimalizi haki ya aliyepika. Dua ya mgeni ni hii, kwa Muslim:

*Allaahumma baarik lahum fiimaa razaqtahum, waghfir lahum warhamhum.*
Ewe Mwenyezi Mungu, wabarikie katika ulichowaruzuku, wasamehe na uwarehemu.

Aliyeipokea ni Abdullah bin Busr. Mtume (s.a.w.) alikula kwao, akaletewa tende akawa anaziweka kokwa kati ya vidole viwili, akanywa, akampa kinywaji aliye kuliani mwake. Alipokuwa anaondoka, baba yake Abdullah akashika hatamu ya mnyama wake na kumwomba awaombee. Hapo ndipo mahali pake: mlangoni, viatu vikivaliwa, mwenyeji akisikia. Mwenyeji mmoja mwanamume: *lahu*, *razaqtahu*, *warhamhu*. Mwanamke mmoja: *lahaa*, *razaqtahaa*, *warhamhaa*. Familia nzima: acha ilivyo.

Fupi zaidi, nayo kwa Muslim kutoka kwa Miqdad:

*Allaahumma atw'im man atw'amanii wasqi man saqaanii.*
Ewe Mwenyezi Mungu, mlishe aliyenilisha na mnyweshe aliyeninywesha.

Hii inafaa popote palipo na mkono uliokupa, awe mama mkwe au jirani aliyekupitishia bakuli la uji.

Ukialikwa nawe umefunga swaumu ya sunna, hulazimiki kula. Hadithi ya Muslim inasema aliyefunga na awaombee dua. Nenda, kaa, waombee, na usiifanye swaumu yako kuwa mada ya barza.

Futari

Adhana ya Magharibi ikilia, usianze kusoma. Sema Bismillahi, kula tende mbivu, zisipokuwepo, kavu, zisipokuwepo, mafunda ya maji. Kisha ndipo:

*Dhahaba dhwdhwamau wabtallatil 'uruuqu wa thabatal ajru in shaa Allaah.*
Kiu imeondoka, mishipa imelowana, na ujira umethibiti apendapo Mwenyezi Mungu.

Soma tafsiri tena utaona kwa nini haiwezi kutangulia. Mishipa italowana vipi na kikombe bado kiko mezani? Abu Daud ameipokea kutoka kwa Ibn Umar. Ile *Allaahumma laka swumtu wa 'alaa rizqika aftwartu* ipo pia kwa Abu Daud, kwa isnadi iliyokatika, na nyongeza ya "wa bika aamantu wa 'alayka tawakkaltu" inayosikika sana haimo katika pokezi hilo.

Ukifuturishwa nyumbani kwa mtu, mwombee:

*Aftwara 'indakumu sswaaimuun, wa akala twa'aamakumul abraar, wa swallat 'alaykumul malaaikah.*
Wafuturu kwenu waliofunga, wale chakula chenu watu wema, na malaika wawaombee rehema.

Kumfundisha mtoto

Usimpe dua nzima siku ya kwanza. Anayeanza kuzungumza apewe Bismillahi na Alhamdulillahi tu, na azisikie kwako kila mlo kwa sauti. Akishazizoea bila kukumbushwa, mpe *Bismillaahi awwalahu wa aakhirahu*, maana kusahau kwake ni kwingi na itamfaa kila siku. Dua ya mwisho ikate vipande vitatu: *Alhamdu lillaahi lladhii*, halafu *atw'amanaa wa saqaanaa*, halafu *wa ja'alanaa muslimiin*. Kipande kimoja kwa siku mbilitatu, wewe unasema naye anafuata, kisha unaunganisha. Mfundishe maana kwa Kiswahili siku hiyohiyo. Mtoto asiyejua maana huanza kukimbiza maneno mpaka yanabaki mlio.

Akisahau, usimnyang'anye tonge wala kumkemea mbele ya wageni. Muulize tu, "Umesemaje?" Kisha nyamaza kidogo, umpe nafasi aikumbuke mwenyewe kabla hujamsaidia.